Mchanga Kwenye Gari Jeusi

Jumapili, tarehe 2 mwezi wa sita

Ninaanza kuandika kwa sababu nyumba hii haina mtu wa kupokea malalamiko. Arlette, mke wangu, ana mimba ya miezi minane na amesema masikio yake yamejaa. Karatasi haina mimba.

Gari limefika. Jeusi, milango mitano, limeshuka melini, likapandishwa lori, likashushwa Uvira, na mtu wa kwanza kukalia usukani wake katika Kongo hii ni mimi, Eugène, mpika sabuni wa Baraka, niliyeanza na baiskeli moja na bidoni mbili za mawese kutoka Lweba. Lita ishirini kila moja, na milima yote nilisukuma. Sijapewa kitu na mtu.

Nilipozima injini mbele ya nyumba, avenyu nzima ilikuwa imekwisha kusimama. Wakasema gari mpya lazima linyweshwe. Hilo nililijua, nilikuwa nimenunua kreti mbili za bia na moja ya fanta. Nisilolijua ni kwamba wataimwagia kapo, yaani boneti ya mbele. Dieumerci, mwenye gari jeupe la kubebea maharusi, ndiye alimwaga nyingi kuliko wote. "Kunywa, mudogo wangu, kunywa! Barabara ya Fizi iko inakungojea!" Bia ina sukari, na sukari ikipigwa na jua inashika kama gundi. Watu walicheza mpaka giza likakaribia. Mimi nilisimama na kitambaa.

Jumanne, tarehe 4

Nimeliosha kwa sabuni yangu mwenyewe. Ningeliosha kwa kitu gani kingine? Bidoni nne za maji, kipande kimoja. Maji yalisimama juu ya rangi kama shanga, kisha yakateremka yote pamoja. Nilimwita Arlette aje aone. Alikuja, akaona, akarudi kukaa.

Jumamosi, tarehe 8

Mara ya tatu kuliosha. Shanga hazipo. Maji yanatandaa tu kama kwenye ukuta. Nikamwuliza Dieumerci, na kumwuliza kulinigharimu, maana si mtu ninayependa kumwuliza kitu.

"Unaosha na nini?"

"Sabuni yangu."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Eugène! Ile sabuni yako inatoa mawese kwa sufuria ya karamu. Unafikiri itaachia gari nta yake? Umeivua nguo, ndugu. Gari iko uchi."

Sabuni bora kuliko zote kati ya hapa na Nundu, na adui wa kwanza wa rangi yangu ni hiyo hiyo. Soda kali ya kupikia sabuni haichagui. Nimeagiza Uvira sabuni laini ya magari na kopo la nta. Kopo dogo, bei ya katoni nzima ya sabuni yangu. Nimelipa nikiwa nimesimama, ningekaa nisingelipa.

Jumatano, tarehe 12

Nimeitisha mkutano wa avenyu. Nimewaeleza kwamba vumbi ni mchanga mdogo, na anayeandika jina lake kwa kidole juu ya vumbi anakata rangi kwa msumeno. Baiskeli zisiegemezwe. Mbuzi wafungwe. Asiyeweza kujizuia kugusa, aguse kioo.

Mama mmoja muuza ndagala akainua mkono. "Papa Eugène, na kuangalia je? Inakwaruza?"

Walicheka wote. Nilisema kuangalia ni bure.

Jumatatu, tarehe 17

Vumbi.

Alhamisi, tarehe 20

Leo kimekuja kitu cha maana. Papa Alphonse, prezida wa kwaya, anamwoza binti yake Gentille tarehe 31 mwezi wa nane. Ukoo wa mume unatoka Nundu, na watu wa Nundu, alivyosema, wanakuja na macho makubwa. Anatafuta gari la kumfikisha Gentille kanisani. Mpaka sasa kila harusi ya Baraka ni Dieumerci na jeupe lake. Alphonse alilizunguka langu mara mbili, mikono nyuma. Akainama juu ya kapo, akatoa kichanuo mfukoni, akachana masharubu yake mle ndani kama yuko mbele ya kioo cha kinyozi.

"Ikiwa hivi siku ile," alisema, "niko nachukua yako. Nikikosa kuona masharubu, nitarudia Dieumerci. Tusigombane."

Nimepiga hesabu. Harusi moja yenyewe haileti kitu, karibu yote inakwenda kwenye mafuta. Lakini harusi ya binti wa prezida inaonwa na kwaya nzima, waimbaji arobaini na wawili, na kati yao mabinti wasioolewa ni kumi na tisa. Kumi na tisa! Nikipata hii moja, gari litajilipa lenyewe. Nikiikosa, nimenunua kioo kikubwa cha kujitazamia.

Jumanne, tarehe 25

Nilikuwa na katoni za kupeleka Nundu. Nimekwenda kwa pikipiki. Barabara ile sasa ni unga mtupu, lori moja linakupaka mpaka ndani ya meno, na kokoto zinaruka kama karanga kikaangoni. Nijimbere, Mrundi ninayefanya naye kazi kwenye mapipa ya sabuni, alinisindikiza kwa maneno:

"Patro, gari imelala, mwenyewe anapanda pikipiki. Sasa nani alinunua mwenzake?"

Nilimwambia akoroge.

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa saba

Binti! Kilo tatu na nusu. Mama na mtoto wazima. Sikuosha gari.

Jumapili, tarehe 7

Mama mkwe amefika kutoka Lweba, kumlea Arlette na mtoto. Atakaa mpaka mtoto akaze shingo.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemeshani moja kwa moja. Ni heshima, na mimi naishika. Neno linapitia kwa mtu mwingine. Akiingia uani kwa mbele, mimi natokea nyuma. Wajukuu wake wa Lweba wanamwita Tate, yaani bibi, na humu nitaandika Tate, maana hata jina lake, Émilienne, halipiti mdomoni mwangu.

Nitaandika na hili pia, liwepo mahali. Nilipomwoa Arlette, mahari ilikuwa kamili, mbuzi walikuwa kamili, lakini nilikuja na baiskeli. Tangu siku ile Lweba yote inaniita "mukwe wa kinga", mkwe wa baiskeli. Najua nani alianzisha jina hilo. Miaka kumi na mitatu ninalimeza. Leo alishuka kwenye pikipiki, akapita karibu na gari langu, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha. Alitazama vumbi kwenye mlango, akafanya "mmh", akaingia ndani. Ile "mmh" ningali nayo.

Jumatano, tarehe 10

Tate anasugua masufuria. Asubuhi anateremka ziwani na beseni, anapanda na mchanga, anachanganya na majivu, na sufuria inarudi inakupiga jicho. Ile kubwa ya bukari, yaani ugali, iliyokuwa nyeusi tangu tuhamie hapa, ni nyeupe. Kazi ni kazi, nakubali.

Jumapili, tarehe 14

Kwenye mlango wa nyuma, upande wa barabara, kuna duara kadiri ya sahani. Haing'ai. Mbuzi hana ulimi wa duara.

Jumanne, tarehe 16

Nimefumania. Tate alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma, kopo la mchanga na majivu pembeni, anasugua rangi yangu na kuimba wimbo wa kanisa. Nilisimama nyuma yake. Mdomo ulifunguka. Nikaufunga. Kumgombeza mama mkwe ni sawa na kutembea uchi sokoni, na sokoni ndiko ninakouza sabuni. Nikakohoa. Aliposikia kikohozi cha mkwe, alijifunika kitenge kichwani kwa heshima, akageukia pembeni, akaendelea kusugua.

Nikamkimbilia Arlette.

"Mwambie mama yako aache."

"Nimwambie nini? Ati anaosha vibaya?"

"Arlette, ule ni muchanga!"

"Mama yangu, tangu azaliwe, hakuna muntu alimwambia anaosha vibaya. Mi sitakuwa wa kwanza, na kitovu ya mutoto ingali mubichi. Umwambie weye."

Anajua siwezi. Alijifunika uso kwa shuka na shuka likawa linatikisika.

Alhamisi, tarehe 18

Nimelifunika gari kwa bashi kubwa, turubai la plastiki. Kamba, mafundo manane.

Ijumaa, tarehe 19

Mafundo manane yamefunguliwa. Kamba imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya jiwe. Bashi nalo limefuliwa.

Jumatatu, tarehe 22

Nimebeba majivu yote ya jikoni nikayapeleka kwenye karakana ya sabuni. Arlette ananiletea habari: Tate amesema mukwe ni mtu safi kabisa, anatupa majivu kwa mikono yake. Mchana alipewa majivu na jirani.

Ijumaa, tarehe 26

Ninakohoa kila asubuhi. Haisaidii. Chai ya nyumba hii imekuwa chungu, sijui ni majani gani.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa nane

Nitaandika yote.

Jumatano nilikwenda Uvira kutafuta soda ya sabuni, kwa pikipiki kama kawaida, na gari niliacha chini ya bashi. Leo saa tisa nimerudi. Bashi lilikuwa kwenye kamba ya nguo. Gari lilikuwa pale pale nilipoliacha, lakini jeusi halikuwa tena jeusi. Kapo yote, milango yote minne ya pembeni, kutoka taa mpaka taa: kijivu, mistari ya duara juu ya mistari ya duara, kama ubao wa darasa uliofutwa kwa mkono. Niliinama kujitafuta. Niliona kivuli tu, hakina hata pua.

Tate alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, amejifunika kitenge. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amesimama kama mtu anayengojea kusifiwa.

Nikatoka. Nilikwenda karakana, nikamnyang'anya Nijimbere mti wa kukorogea, nikakoroga pipa zima peke yangu. Nijimbere alitazama, akakaa kwenye ndoo.

"Patro, ile sabuni ilishaiva jana."

Niliporudi nilimwambia Arlette kesho mama yake arudi Lweba. Nilisema mengi. Kwamba nimevumilia "mukwe wa kinga" miaka kumi na mitatu, na sasa kwa kuwa nina gari amekuja kulirudisha liwe baiskeli. Arlette alikuwa ananyonyesha. Aliniachia nikamaliza.

"Alipiga magoti asubuhi mbili," akasema. "Alisema: mukwe iko safarini, arudi akute gari yake safi, asione haya mbele ya bantu. Alitoka damu kwa vidole. Sasa ukimurudisha na hasira, mi na mutoto tunarudi naye. Hesabu ile kwanza, weye mwenye kupenda hesabu."

Nimeihesabu. Watu watatu dhidi ya kapo moja na milango minne. Sijalala vizuri.

Jumamosi, tarehe 3

Nilikaa uani, mtoto mapajani. Tate alikuwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni, anapepeta mchele. Tulisikiana, hatukuonana. Hiyo inaruhusiwa. Nikamsemesha mtoto.

"Mutoto, unisikie. Sufuria iko chuma mpaka ndani. Ukisugua, unakuta chuma ingine. Gari haiko vile. Gari iko na ngozi yake ya juu, nyembamba sawa ganda ya kitunguu. Muchanga inakula ile ngozi."

Ungo ukanyamaza.

"Mutoto," sauti ya Tate ikasema, "umuulize baba yako: ile ngozi, mi niliikula?"

"Mutoto, umwambie Tate: kidogo."

"Mutoto, kidogo ya wapi?"

"Ya mbele. Na ya milango inne."

Mtoto akapiga chafya. Hakuna aliyecheka.

"Mutoto, na ju ya nini baba yako hakusema tangu siku ya kwanza?"

"Umwambie Tate, ni ju ya heshima."

"Heshima!" Ungo uligonga chini. "Mutoto, baba yako iko na akili ya hesabu tu. Kila asubuhi nasikia anakohoa, nikasema mukwe ananifia na kifua. Nimechuma majani ya dawa mpaka miguu inaniuma, namutilia kwa chai!"

Ndiyo ile chai. Wiki mbili nimeinywa, vikombe viwili kwa siku.

Baadaye Arlette alinikuta na kuninong'oneza kwamba mama yake analia jikoni, anafunga mzigo. Nikamchukua mtoto tena, nikamrudisha kwenye ukuta ule ule. "Mutoto, umwambie Tate mzigo ufunguliwe. Hakuna mutu anarudi Lweba wakati gari iko katika hali hii."

Jumanne, tarehe 6

Habari imemfikia Alphonse. Alikuja, akatoa kichanuo, akainama, akatafuta, akakirudisha mfukoni.

"Ndugu Eugène, hapa mi naona tu kofia yangu."

Nimeomba mpaka Ijumaa ya kabla ya harusi. Amekubali kwa ajili ya Arlette, aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya yake. Lakini amemwambia Dieumerci asipokee kazi nyingine siku ile. Jioni Dieumerci alikuwa anaosha jeupe lake mbele ya nyumba yangu. Kwake kuna bomba. Kwangu hakuna. Alikuja kuosha kwangu.

Ijumaa, tarehe 9

Nimemwagia kapo maji nikatazama. Chini ya maji mikwaruzo yote ilipotea, maji yalipokauka ikarudi. Nimepitisha ukucha, haunasi. Maana yake mchanga umekula verni tu, ile ngozi ya juu isiyo na rangi, na haujaimaliza. Kuna tumaini. Nimejaribu dawa ya meno pembeni pa mlango, kwa kitambaa cha pamba: imesaidia kama nusu. Nimeagiza pasta ya kung'arishia magari, makopo matatu, na nta nyingine.

Jumatatu, tarehe 12

Pasta imefika, na inafanya kazi! Unaosha kwanza, hata punje moja ya mchanga isibaki. Unaweka pasta kidogo, kadiri ya kunde, unasugua kadiri ya sahani moja, kwenda na kurudi, mpaka inakauka na kutoweka. Unafuta. Chini yake kuna jeusi.

Sasa hesabu. Kapo na milango ni sahani mia moja na kumi. Sahani moja inakula nusu saa ya mkono wangu, yaani saa hamsini na tano. Jua likipanda rangi inapata moto na pasta inakuwa ugali, hivyo kazi ni saa mbili tu za asubuhi. Asubuhi zilizobaki, bila Jumapili, ni kumi na tano. Saa thelathini. Sifiki.

Nijimbere alinisaidia leo. Amezoea kukoroga pipa, alisugua kama anakoroga pipa. Nimemrudisha kwenye pipa.

Jumanne, tarehe 13

Nilikuwa nimeinama kwenye mlango wa mbele wa kushoto. Nikasikia ng'ambo ya gari kitambaa kinaanza kwenda na kurudi. Niliangalia chini ya gari: miguu miwili, kandambili za bluu.

Hakuna mila iliyovunjwa. Yeye kulia, mimi kushoto, na katikati gari lenye urefu wa kutosha kuficha nyuso zote mbili. Mtoto aliwekwa kwenye kikapu karibu na taa ya mbele, kusudi aweze kupokea maneno.

Lakini alikuwa anakandamiza. Nilisikia kwa sauti ya kitambaa.

"Mutoto," nikasema, "vile Tate anakupaka mafuta kisha kukuogesha, anakandamiza?"

Kitambaa kikasimama, kikaanza tena. Sauti ilikuwa nyingine, laini. Nilipozunguka baadaye, yeye akiwa amekwenda kuchota maji, nilipima: mimi sahani nne, yeye sahani sita, na zake zilikuwa safi kuliko zangu. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Alhamisi, tarehe 15

Sahani kumi na moja kwa asubuhi moja, wawili. Tunafika!

Jumapili, tarehe 18

Leo si kazi. Lakini baada ya kanisa nilimwona kwa mbali anapitisha nyuma ya mkono juu ya mlango, kama mtu anayepima homa.

Jumatano, tarehe 21

Nimesikia jambo, na sijui nilipeleke wapi.

Tulikuwa kwenye milango ya nyuma. Mtoto kwenye kikapu. Tate akaanza mwenyewe, bila mimi kuuliza kitu.

"Mutoto, unajua baba yako alikuja na nini kuoa mama yako? Kinga. Ilikuwa na matope mpaka kwa kengele, ju alikuwa anabebea mawese. Aliiacha nyuma ya nyumba, yeye akaingia kula. Bamama ba pale kwetu bakaanza kucheka. Mi nikasema: hamucheki mukwe wangu. Nikachukua muchanga, nikachukua majivu, nikaisugua kila kintu, hata zile nyuzi za gurudumu, moja moja. Alitoka akakuta inang'aa sawa feza. Alifikiri ni barafiki bake. Tangu siku ile Lweba yote nikipita wananiambia: mama ya mukwe wa kinga! Na mi najibu: njo mie mwenyewe."

Nilikumbuka baiskeli ile. Ilikuwa inang'aa kweli. Nilikuwa nimewashukuru marafiki watatu na kuwanywesha bia kwa kazi ambayo hawakuifanya, na wao walikubali shukrani!

"Mutoto," nikasema. Nikatafuta la kumtuma. "Mutoto, umwambie Tate: nyuzi za gurudumu ni sabini na mbili."

"Mutoto, umwambie baba yako: mi sikuhesabu."

Tukaendelea kusugua.

Jumanne, tarehe 27

Sahani ya mwisho. Kesho na keshokutwa ni nta, mikono miwili juu ya mikono miwili.

Ijumaa, tarehe 30

Nilimwaga maji. Shanga! Kapo nzima ilijaa shanga, zikateremka zote pamoja, na mtu aliyepiga vigelegele jikoni hakuwa Arlette.

Alphonse alikuja saa nne. Dieumerci naye alikuja, "kupita tu". Alphonse akainama na kichanuo. Alichana upande wa kulia. Alichana upande wa kushoto. Akakaribia zaidi, akang'oa unywele mmoja mweupe.

"Huu sikuwahi kuuona," alisema.

Kisha akazunguka, akapata ile duara ya kwanza kwenye mlango wa nyuma upande wa barabara. Pale Tate alikuwa amesugua siku nyingi kuliko kwingine, na imebaki ukungu kidogo. Akaigusa kwa kidole.

"Na hii?"

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni: "Mutoto, umwambie papa prezida: bibi harusi anaingilia mulango ya pili."

Alphonse alicheka mpaka kichanuo kikaanguka. Kazi ni yangu. Dieumerci alinipa mkono, na nitamtendea haki: alilichunguza gari kwa muda mrefu, kisha akaniuliza pasta ilitoka duka gani. Nilimwambia. Bei pia.

Jumamosi, tarehe 31

Harusi. Bamama wa kupamba walifika alfajiri na maua ya plastiki na gundi ya karatasi mikononi. Gundi juu ya nta mpya! Kabla sijafungua mdomo Tate alikuwa amesimama mbele ya kapo, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Gundi haipiti hapa. Mufunge na kamba, kwa vioo."

"Mama, tunapamba harusi zote hivi."

"Zile zingine hazikusuguliwa na mie."

Walifunga na kamba. Gentille alishuka kanisani, watu wa Nundu na macho yao makubwa wakamwona mara mbili, mara moja amesimama na mara nyingine kwenye mlango. Kabla keki haijakatwa wasichana wawili wa kwaya walikuwa wameniuliza kama mwezi wa kumi na mbili nina nafasi. Nilisema nitaangalia. Nina nafasi.

Jumapili, tarehe 8 mwezi wa tisa

Mtoto amekaza shingo. Tate amerudi kwake.

Jana Arlette aliniuliza nani atamsindikiza, kwa pikipiki ipi, maana magoti ya mama yake hayapandi tena vizuri. Nilisema gari. Akanitazama kama nimeugua. "Barabara ya Lweba? Na vumbi ile? Na nyie wawili ndani ya gari moja?"

Kwa vumbi nilitia kitambaa mfukoni. Kwa la pili jibu alipata yeye mwenyewe: alitundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kamba kutoka dirisha mpaka dirisha. Mbele mimi peke yangu. Nyuma ya kitenge, Tate, Arlette na mtoto, na sufuria tatu.

Tulitoka baada ya ibada ya kwanza. Nilikwenda taratibu, nikakwepa kila shimo, na kokoto zilipiga chini ya milango hata hivyo: tak, tak. Kila moja niliisikia mgongoni. Lori mbili za samaki zilitupita, zikatumwagia unga wote wa Fizi. Nyuma, mtoto alilala. Arlette, ambaye hajalala usiku mzima tangu mwezi wa saba, akalala pia, nikasikia anavyokoroma.

Basi hakukuwa na mtu wa kumtuma. Tulikwenda hivyo, kitenge kinapepea kati yetu, mpaka nyumba za kwanza za Lweba zikaonekana.

"Mukwe," sauti ikasema nyuma ya kitenge.

Ananisemesha mimi, bila mtoto. Miaka kumi na mitatu.

"Naam, mama."

"Punguza. Bamama ba Lweba banatoka kanisani sasa hivi. Mi sikusugua wiki zote zile ju ya kupita mbio."

Nikapunguza. Nikashusha kioo cha nyuma cha upande wa watu. Nikapunguza tena, gia ya kwanza, polepole hata vumbi letu wenyewe likatufikia, likatupita, likatangulia kijijini.